Kimondo Kilichompigia Kura Painem

Kesho yake ilikuwa siku ya kumchagua mkuu wa kijiji cha Karangsempu, na kwa desturi ya Wajava nyumba ya mgombea usiku huo hailali. Watu hujaa uani tangu baada ya Isha, hunywa kahawa, hutafuna karanga za kuchemsha, na kila wakimaliza fungu la karanga hutupa jicho mbinguni. Wanaingoja ndaru. Ni nuru ya mviringo inayoshuka juu ya paa la yule ambaye mbingu zimeridhia awaongoze wenzake, na kila mtu kijijini ana babu aliyewahi kuiona.

Nyumbani kwa Pak Lurah Sugondo, yaani Bwana Mkuu wa kijiji aliyekuwapo, upande wa kaskazini, walikuwapo watu wasiopungua mia tatu, na mbuzi wanne masufuriani. Nyumbani kwa mgombea wa pili, upande wa kusini, walikuwapo watu wawili. Mmoja alikuwa mgombea mwenyewe, Painem, mama wa miaka hamsini na mbili, ameketi uani akifunga soya za tempe, vitumbua vya soya iliyochachuka, kwenye majani ya mgomba ili zichachuke usiku na kutwa ya kesho. Wa pili alikuwa mumewe Tukiran, akimshikia taa.

Asije mtu akadhani Painem alikuwa na uchu wa ukubwa. Sheria inataka wagombea wawili, na hakuna aliyethubutu kusimama dhidi ya Sugondo, mwenye mhuri wa kijiji na mwenye kinu cha mpunga. Mara ya mwisho alimsimamisha mkewe, watu wa wilaya wakacheka hadharani. Safari hii akatafuta mtu asiye na madhara, mwenye cheti cha shule ya kati na mwenye sababu ya kutii. Tukiran alikuwa akibeba magunia kinuni kwake mwaka wa kumi na tisa. Basi likaletwa gunia la mchele, ikaletwa na kebaya ya kuazima kutoka kwa Bu Lurah, mke wa Sugondo, blauzi ya kijani ya lesi, pamoja na onyo kwamba isiingie jasho makwapani.

"Wewe kaa tu kwenye kiti, Nem," Sugondo alimwambia. "Mtu akikuuliza, mwambie atoboe mpunga."

Mpunga ilikuwa alama yake yeye kwenye karatasi ya kura, kando ya picha yake, na kura hupigwa kwa kutoboa karatasi kwa msumari. Painem alipewa muhogo. Picha ya Sugondo ilibandikwa njia panda, kubwa kuliko mlango. Ya Painem ilikuwa ndogo kama daftari la shule, na mpiga picha alimwambia arudi nyuma hatua mbili.

"Mama Wati," Tukiran alisema, "huendi na wewe kula mbuzi?"

"Mgombea aende kula kwa mpinzani wake?"

"Wewe mpinzani?"

Painem alicheka mpaka jani likamponyoka. Tukiran naye akacheka, maana hawakuwa na kinyongo. Mchele ulikuwa mzuri na kesho ingepita.

Kuku ndio waliotangulia kuamka. Kisha uani kukawa mchana. Painem aliona kivuli chake kikitembea ardhini hali yeye mwenyewe ameketi, akainua uso. Juu ya paa lake kilikuwa kinapita kimondo kikubwa, cheupe chenye ukijani, kimya kabisa, kikivuta mkia mrefu kuelekea kusini. Kilipofika juu ya vilima kikakatika vipande vitatu, vikawa vyekundu, na vilima vikavimeza. Giza likarudi zito kuliko lile la mwanzo.

Baada ya muda wa kutosha kumenya yai, mngurumo ukaja kutoka mbali, na glasi zikagongana kabatini.

"Umeona?" Painem aliuliza.

"Nimeona."

"Kimeishia nyuma ya vilima."

"Mbali kabisa, mama. Huko kwa akina Wati."

Painem alijikuta ana tabasamu asilojua lilianza lini. Maishani mwake hakuwahi kuona kitu kizuri kiasi kile, na hakikumgharimu chochote. Alifuta mikono kwenye sarong aliyojifunga kiunoni akasema angependa kukiona tena, hata kesho.

*

Sasa, kosa lenyewe lilikuwa hili. Wale watu mia tatu wa kwa Sugondo walikuwa wameketi upande wa kaskazini, nyuso zao kusini, na kati yao na vilima ulikuwapo mwanzi mmoja mrefu, wa nyuma ya nyumba ya Painem. Wao waliona nuru ikishuka nyuma ya mwanzi ule. Ukiwa kaskazini, kila kiendacho kusini huangukia kwa Painem.

Jirani yake Tumini, muuza kahawa wa njia panda, ndiye aliyetokea wa kwanza, sarong kifuani, anahema.

"Yu Nem, dada yangu, kimetua juu ya paa lako."

"Kimetua wapi, Tum? Kimekwenda vilimani."

"Nimekiona kwa macho yangu haya mawili. Kimeshuka, kimezunguka mara tatu, kimeingia kwenye vigae vya jikoni. Naapa mbele ya yeyote."

"Kingeingia jikoni, maharage yangu yangekuwa yameiva."

Lakini Tumini alikwisha toka njiani anapaza sauti, na njia ilikuwa imejaa watu. Walikuja na tochi, na pikipiki, na watoto mabegani. Wengine walikuwa bado na sahani za Pak Lurah mkononi, mchuzi wa mbuzi unawadondokea viganjani. Darmo, mkulima wa mashamba ya chini, alikuwa wa mbele, na alipofika uani alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia Painem. Alivua kandambili.

"Kulanuwun, Bu," alisema, akibisha hodi na kumwita Bibi kwa adabu ya kuingia nyumba kubwa.

"Darmo, wewe juzi uliniita Mama Tempe."

"Juzi ilikuwa juzi, Bu."

Painem alipanda juu ya kinu cha kutwangia ili aonekane. Alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli aliusema wote. Kwamba hakuna kilichoanguka kwake. Kwamba kimondo kilipita juu sana na kuzama nyuma ya vilima, mumewe shahidi. Watu walinyamaza wakamsikiliza hadi mwisho, kisha minong'ono ikaanza.

"Mmesikia anavyojishusha?"

"Aliyepewa hasemi. Anayesema hakupewa."

"Pak Lurah mwaka ule alitangaza mwenyewe kwamba kaiona. Tazama tofauti."

Simu ya Tukiran ililia. Alikuwa binti yao Wati, aliyeolewa ng'ambo ya vilima karibu na bahari, na Painem akaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Mama, mmekiona? Kimeanguka kwetu huku, nyuma ya shule. Watu wote wamekimbilia huko na majembe."

"Haya, mmesikia wenyewe," Painem aliwaambia.

"Huko kilionekana," alisema Darmo. "Hapa ndipo kilipotua, naapa."

Painem akashuka kwenye kinu. Kulikuwa na watu mia mbili uani kwake na yeye alikuwa na glasi sita. Lakini mambo yakajipanga yenyewe. Tumini alileta birika la dukani kwake, mtu akaleta muhogo, ukakaangwa, na tempe ya sokoni ya kesho ikaingia kwenye mafuta yote, kikapu kizima, bila mwenyewe kuulizwa. Kuna aliyekuja na ngoma. Watoto walichezea chini ya mwanzi wakitafuta vipande vya nyota. Kwa nusu saa nyumba ya Painem ilikuwa na furaha ambayo haikuwahi kuwa nayo hata siku ya harusi ya Wati.

Na watu, wakishakunywa kahawa, walimsogelea mmoja mmoja. Darmo alisema maji ya mfereji hugeuzwa kila kiangazi kwenda mashamba ya kinu. Mjane mmoja alisema ameomba barua ya msaada mara nne na kila mara mhuri umekosa wino. Painem alikuwa akiyajua haya yote, kwa kuwa kwa miaka thelathini alikuwa akibisha kila mlango na kikapu cha tempe, na muuza tempe huambiwa mambo ambayo mkuu wa kijiji haambiwi. Alijibu kwa majina, kwa miezi, kwa mashamba. Katikati ya jibu moja alisita. Ilimjia kwamba kazi hii angeiweza. Na nyuma ya wazo hilo likaja jingine lililomtisha zaidi, kwamba aliitaka.

*

Sugondo alifika na shati lake la batiki na kofia nyeusi, nyuma yake vijana wawili wa kinuni. Ngoma ikakoma. Aliwasalimia watu kwa tabasamu, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akakaa kwenye kibao cha kukunia nazi kwa sababu kiti hakikuwapo. Painem na Tukiran walimfuata.

"Waambie hakikuanguka hapa, Nem."

"Nimewaambia, Pak. Hawasikii."

"Waambie tena."

"Nimewaambia mara tano. Kila nikisema wanazidi kunisifu."

Sugondo alitazama vigae vya juu, moshi mweusi wa miaka thelathini, utando wa buibui. Painem aliona anavyovikagua kimoja kimoja, na akafahamu kwa mshangao kwamba mtu huyu mwenye kinu, magari mawili na watoto chuoni, naye anaamini.

"Ndaru hukaa ndani ya nyumba mpaka alfajiri," Sugondo alisema, sauti ya chini. "Anayelala chini ya paa ndiye anayeamka nayo. Nyinyi nendeni mkalale kwangu. Kuna godoro, kuna feni. Mimi nitalala hapa."

"Hapa kuna mbu, Pak," Painem alisema.

"Nitawavumilia."

Painem alimtazama mumewe. Kwa miaka kumi na tisa Tukiran alikuwa hajamjibu mtu huyu neno zaidi ya ndiyo. Magunia mawili kwa mpigo? Ndiyo, Pak. Kazi ya Ijumaa bila malipo? Ndiyo, Pak. Mkeo asimame kwenye uchaguzi? Ndiyo, Pak. Midomo yake sasa ilikuwa inatafuta kitu.

"Kitanda ni kimoja, Pak," alisema Tukiran. "Na mwenye nyumba ana kazi kesho."

Sugondo aliyaondoa macho kwenye vigae.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Huyu," alisema Tukiran, akamwonyesha Painem kwa kidole gumba, kwa adabu, jinsi Wajava wamwonyeshavyo mkubwa.

Sugondo alisimama. "Basi Jumatatu usije kinuni. Kesho nikishinda, usije kabisa. Nikishindwa pia usije, lakini sishindwi na muhogo."

"Ndiyo, Pak," alisema Tukiran, kwa mazoea.

Alipokwisha toka, Tukiran aliketi kwenye kile kibao.

"Nimeharibu, Mama Wati?"

"Umeharibu sana," alisema Painem. Alimwekea kiganja kichwani. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anampenda, na hakujua lipi lilikuwa kubwa. "Kazi imekwenda. Sasa itabidi nishinde."

*

Asubuhi wagombea walikaa jukwaani mbele ya ukumbi wa kijiji, kama inavyotakiwa, wakiwatazama wapiga kura tangu saa moja hadi saa saba mchana. Sugondo alikaa kwenye kiti cha kuchongwa chenye mito, nyuma yake mganda wa mpunga umefungwa utepe. Painem alikaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake fungu la mihogo yenye udongo. Kebaya ilimbana. Alikuwa hajalala hata kidogo na alitoka jasho makwapani, yote mawili, na Bu Lurah aliyeketi safu ya kwanza aliliona.

Watu walipita kimya. Hakuna aliyemkonyeza, hakuna aliyemsalimia kwa namna ya pekee. Wale wale waliomlia tempe jana walikwenda kumbusu Sugondo mkono, wakainama, wakaingia kupiga kura wakiwa na nyuso za mazishini. Hata Darmo hakugeuka. Painem alianza kuona aibu. Labda usiku walicheza tu, akafikiri. Walishiba, wakapata kichekesho, na sasa mchana umefika. Alimwona Tukiran amesimama peke yake kwenye uzio, watu wamemwachia nafasi pande zote.

Zamu yake ilipofika aliingia kwenye kibanda, akashika msumari. Gunia la mchele lilikuja pamoja na ahadi kwamba hata yeye atatoboa mpunga, na mchele wamekwisha ula nusu. Alisimama pale mpaka msimamizi akakohoa. Kisha akaitoboa picha yake mwenyewe, shingoni, kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kujitoboa usoni.

Kura zilihesabiwa hadharani. Msimamizi aliinua kila karatasi kwenye mwanga, akatafuta tundu, akatangaza alama.

"Mpunga."

"Mpunga."

"Mpunga."

Ilikuwa mpunga mara kumi na moja mfululizo. Sugondo aliomba chai. Painem alitazama vidole vya miguu yake, akawa anapiga hesabu ni vikapu vingapi vya ziada vya tempe wataishi navyo bila kinu.

"Muhogo," alisema msimamizi.

Mtu mmoja nyuma kabisa alikohoa.

"Muhogo. Muhogo. Mpunga. Muhogo."

Baada ya hapo msimamizi hakuwa na nafasi ya kumeza mate. Muhogo baada ya muhogo, na watu, waliokuwa kimya tangu asubuhi, wakaanza kuitikia. Kwanza watoto, kisha wanawake, kisha uwanja wote ukawa unaita naye kwa mkupuo mmoja, muhogo, muhogo, mpaka mtu angedhani wametoka nchi isiyo na chakula kingine. Kura mia sita themanini na nane kwa mia tatu tisini na moja. Tukiran alikuwa amebebwa juu na Darmo, anasihi ashushwe, analia na anacheka.

Bu Lurah alipanda jukwaani akiwa amekaza midomo. "Nataka kebaya yangu. Sasa hivi."

Painem alifungua kishikizo cha kwanza, kwa kuwa kilichoazimwa hurudishwa. Kabla hajafika cha pili, wanawake wa Karangsempu walikwisha mzunguka kama ukuta kwa vitambaa vyao vya bega, na kebaya ikatoka ikiwa imekunjwa vizuri. Alipotoka katikati yao alikuwa amevikwa vitambaa sita vya rangi sita, na hakuna hata kimoja kilicholingana na kingine.

*

Jioni, wageni walipopungua, Painem na Tumini walichutama kisimani kuosha glasi za mtaa mzima. Tumini alikuwa anaimba. Painem hakuwa anaimba. Alikuwa amebeba neno tangu mchana, na lilikuwa linamwondolea utamu wote.

"Tum, nimeshinda kwa kosa."

"Kosa gani?"

"Kile kimondo. Hakikuanguka kwangu. Nilisema, mkakataa kusikia. Siku watu watakapotambua kwamba hapakuwa na ndaru watasema nimewaibia. Na watakuwa na haki."

Tumini aliweka glasi chini. Alimtazama Painem kwa muda, akaanza kutikisika mabega, na Painem akadhani analia kumbe ni kicheko kimemkaba.

"Yu Nem, mimi sikukiona."

"Hukukiona nini?"

"Kimondo. Nilikuwa hapa hapa kisimani naoga, sabuni imenijaa machoni. Niliona tu weupe, nikasikia watu wa kaskazini wanapiga kelele kusini, kusini. Nikajitupia sarong."

"Uliniapia kwamba kilizunguka mara tatu."

"Ningesema mara moja ungeniamini?"

"Na Darmo? Naye aliapa."

"Darmo alikuwa anakula. Aliinua kichwa kikiwa kimekwisha pita. Aliapa kwa kuwa mimi niliapa, na waliomfuata waliapa kwa kuwa Darmo kaapa. Na hata walioona, Yu, wameona kinachozama vilimani. Vilima si wanavijua? Wanalima huko."

Painem alibaki na kitambaa mkononi, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko. "Sasa kwa nini?"

Tumini aliacha kucheka. Alisema pole pole, kwa namna ambayo Painem hakuwahi kumsikia akisema.

"Ukimwambia Pak Lurah usoni kwamba umemchoka, kesho barua yako haina mhuri na maji yako yamegeuzwa. Na ukimwambia jirani, utajuaje hatapeleka maneno? Miaka yote hiyo kila mtu alidhani amechoka peke yake. Jana ndiyo mara ya kwanza tuliweza kutoka nyumbani kwake sote kwa pamoja, na sahani zake mkononi, na asiweze kumuuliza mtu kwa nini. Tulikwenda kutazama nyota. Akitaka kugombana, na agombane na mbingu."

Alikumbuka nyuso zile za mazishini zikipita mbele yake asubuhi nzima bila kumtazama, moja baada ya nyingine, na sasa akazisoma zote. Furaha ilimpanda ghafla mpaka kooni, akacheka, akashindwa kuacha, akaketi chini kwenye maji ya mapovu na vitambaa vyake sita. Tukiran alitoka jikoni kuuliza kuna nini, na wote wawili wakazidi kucheka.

"Sasa inuka," alisema Tumini hatimaye, akimvuta mkono. "Ukiapishwa, nina barua ya shamba la mama inangoja mhuri mwezi wa saba huu."

"Njoo siku ya kwanza, saa mbili."

"Nije peke yangu?"

"Usije peke yako," alisema Painem. "Njooni wote."